Nguzo ya Nne ya Shule ya Matambara

Jumatatu, 31 Januari 1881

Theluji imeanza kuyeyuka. Afadhali ingebaki imeganda! Sasa uani ni tope jeusi tupu, na watoto wanaingia nalo ndani likiwa limewajaa katikati ya vidole. Nimepiga deki mara mbili. Kesho ni vilevile.

Bwana Crathorne kaja leo. Katibu wa Kamati ya hii shule yetu ya matambara, ya watoto wasio na ada wala viatu—kofia ndefu mkononi, mafua puani. Mkutano wa Mwaka utakuwa Jumatano ya tarehe kumi na sita, na mgeni rasmi ni Bibi Harpham, mke wa mwenye meli. Anapenda mambo ya kale. Kwa hiyo Kamati wanataka asome mbele ya wageni historia ya jengo hili. Nani ataiandika? Mimi, nani mwingine. "Bi Ellerker, una mwandiko mzuri sana," ananiambia. Mwandiko mzuri! Kama mtu anayemsifu punda kwa mgongo wake.

Halafu akashusha sauti. Mwaka huu ni kufa na kupona. Mtaa wa pili wamefungua ile Shule ya Bodi, ya fedha za serikali, tofali jekundu, madirisha kama ya kanisa, na wafadhili wetu wameanza kuulizana kwa nini waendelee kutoa. Bibi Harpham akipendezwa, tutaendelea. Asipopendezwa, jengo litauzwa kabla ya Pasaka.

Nikamtazama Mama kupitia mlango, amekaa karibu na jiko la supu, shali begani. Chumba chetu kiko hapo nyuma ya jiko. Jengo likiuzwa ni kama tumeuzwa na sisi: Nyumba ya Maskini, Mama wodi ya wazee, mimi chumba cha kufulia, na kuonana ni kwa ruhusa.

Na watoto? Wataenda Shule ya Bodi, wanasema. Thubutu! Wiki iliyopita mkamata watoro alimkokota Kezia Blenkin mpaka pale. Mwalimu wa mlangoni akaitazama miguu yake mitupu, akamrudisha. Kezia ana miaka kumi, mdogo wake Amosi yuko kiunoni mwake kutwa nzima, na mdomo wake hauna mlango.

"Kaniambia nikavae viatu kwanza ndio nirudi, Mwalimu. Nikamwuliza, kwani vyako saizi ngapi?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Baba yao alizama baharini na mashua ya uvuvi mwaka juzi. Mama yao anapasua samaki gatini tangu alfajiri. Supu yetu ndiyo chakula chao cha moto, hakuna kingine.

Jumatano, 2 Februari

Nimeanza historia. Nimeandika kwamba jengo hili lilikuwa ghala la mafuta ya nyangumi enzi meli za Hull zilipokuwa zikienda Greenland. Hayo kila mtu mjini anayajua. Sikuandika kuhusu harufu. Jiko likishika moto vizuri, tofali zinatoa jasho la mafuta ya zamani, na watoto wageni hutapika siku ya kwanza. Siku ya tatu hawaisikii tena. Mimi ninayo hata kwenye nywele. Kanisani watu hunipisha nafasi kwenye benchi, si kwa heshima.

Marehemu Baba alikuwa fundi mapipa humu humu. Kwa hiyo nikamwuliza Mama kulikuwaje zamani.

"Chini kulikuwa na nguzo nne," akasema. "Milingoti ya meli hasa. Baba yako alikuwa akitundika koti lake kwenye ile ya nne."

"Ni tatu, Mama."

"Nne."

"Nimeishi humu miaka kumi na moja. Tatu."

"Macho sina, mwanangu, lakini kichwa bado ninacho."

Kichwa! Wiki iliyopita aliniambia marehemu mume wa Malkia alikuja akamwomba chai. Sikuandika habari ya nguzo.

Jumamosi, 5 Februari

Sijisikii vizuri. Ngoja niandike tu.

Jana mchana niliwapeleka wakubwa juu kwenye gwaride la miguu. Hiyo ndiyo sifa ya shule yetu mji mzima. Juu kuna lile jukwaa la ngazi, safu nane za mbao zinazopanda mpaka karibu na dari, watoto wanakaa safu juu ya safu ili wageni wawaone sura zote. Wanapanda kwa kuimba, na kila neno la mwisho wa mstari wanapiga mguu wote pamoja. Mguu mmoja! Watoto themanini na kishindo kimoja. Wageni hutokwa na machozi.

Wadogo huwa chini wakati huo, wanakunywa supu. Juu wakipiga mguu, chini unadondoka unga mweupe kutoka darini, na siku zote wadogo hupiga kelele: "Chumvi hiyo! Tega bakuli!" Miaka yote tumekuwa tukicheka. Mimi mwenyewe nimecheka.

Jana halikudondoka unga. Lilidondoka bonge kama kiganja changu, likatua kwenye meza. Amosi akaliokota akalilamba.

Leo hakuna shule. Nikachukua taa nikaenda kuangalia. Pale boriti kubwa inapoingia ukutani kuna ufa. Nimeingiza penseli, ikazama nusu. Halafu nikainamia sakafu. Katikati ya chumba, chini ya meza ya mikate, kuna jiwe moja la duara, upana wa mlingoti, jeupe kuliko mengine. Nimelipigia deki miaka kumi na moja.

Mama, nisamehe. Zilikuwa nne.

Jumatatu, 7 Februari

Nimekwenda nyumbani kwa Bwana Crathorne. Kanikaribisha vizuri, kaniwekea kiti karibu na moto, kaniuliza hali ya Mama. Nikamwambia yote, ufa, penseli, jiwe.

Alichochea moto. Kisha akasema ndiyo, nguzo ilikuwepo. Waliiondoa walipolinunua ghala kulifanya shule. Siku zile mkutano ulikuwa ukifanyika chini, na ile nguzo ilikuwa inaziba. Wageni hawakuwaona watoto wa nyuma, wala bamba la marumaru lenye majina ya waliochanga. "Watu hawatoi kwa wasichokiona, Bi Ellerker." Fundi wa siku zile alisema boriti inatosha. Baadaye mkutano ukahamia juu, likajengwa jukwaa. Nguzo haikurudishwa. Nani angeikumbuka?

Jukwaa lina jina la binti yake, Lidia, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Picha yake iko juu ya meko. Nilipokuwa nikisema habari ya ufa alikuwa akiitazama picha, hanitazami mimi.

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Si mtu mbaya. Wakati wa kipindupindu aliwabeba watoto wetu kwa mikono yake mwenyewe, wenye kofia ndefu wengine walikuwa wamekimbilia mashamba. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

"Jengo limesimama miaka yote hii," akasema. "Likifika neno moja tu manispaa, watalifunga kesho yake. Watoto wataenda wapi? Wewe na mama yako mtaenda wapi?" Hakuwa ananitisha. Alikuwa anauliza kweli, anangoja nimjibu. Nikavaa shali langu nikaaga.

Nimekata ukanda wa karatasi, nimeubandika kwa uji wa ngano juu ya ufa, upande huu mpaka upande ule. Ukichanika, basi ukuta unatembea.

Jumanne, 8 Februari

Haujachanika. Leo hapakuwa na gwaride. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 10 Februari

Gwaride saa tano. Saa sita kasorobo nikashuka. Ukanda umechanika katikati.

Nikabandika mwingine. Jioni Bwana Crathorne katuma mtu na ndoo ya lipu na chokaa. Kaziba ufa, kapaka, kaondoka anapiga mbinja. Halafu juu yake tukatundika ile ramani kubwa ya dunia. Tumetundika—mimi nilishika ngazi. Ufa mrefu kuliko lipu yake, mrefu kuliko ramani. Unachungulia kwa chini, pale penye bahari ya kusini, na ukanda wangu nimeuhamishia hapo.

Ijumaa, 11 Februari

Loo, leo!

Mtu wa manispaa amekuja bila kuitwa. Wanakagua kila jumba wanamokusanyika watu. Kijana mwenye ndevu chache na buti zilizolowa, Bwana Stamper, mpole kabisa. Kapanda juu, katikisa jukwaa kwa mkono, kasema zuri, mbao nzuri. Kashuka chini. Kasimama mbele ya ramani kama hatua mbili hivi, akawa anatafuta Hull kwa kidole.

"Kuna lolote la kunieleza, Bi Ellerker? Nyufa, unyevu, panya?"

Wadogo walikuwa mezani. Amosi alikuwa na mkate mkononi, mafuta ya nyama yanamtiririka kidevuni. Mama alikuwa anakoroga sufuria, maana anapenda kushika mwiko ajione bado ana kazi. Supu ya njegere, nzito, ya leo ilikuwa na mifupa hasa. Jiko linawaka. Nje mvua ya barafu.

Nikasema: "Panya wapo."

Akacheka. Akaandika panya. Akavaa kofia akaenda zake.

Nikasimama mlangoni. Ningeweza kumkimbilia. Mtaa wetu mrefu, nilimwona mpaka akakunja kona.

Jumapili, 13 Februari

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Mama ni mafua. Yeye: "Mafua ya Bwana Crathorne hayo, yamekuhamia." Hajui jinsi alivyonichoma.

Historia nimeimaliza. Bwana Crathorne kaipitia kwa kalamu. Kakata habari ya mapipa, kaongeza "jengo hili imara." Nimenakili upya kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumatatu, 14 Februari

Usiku. Ngoja.

Leo yalikuwa mazoezi ya mwisho. Bwana Crathorne mwenyewe kaja kusikiliza. Nilimwomba watoto wasipige mguu kwa nguvu. Akasema leo tu, asikie mwenyewe ilivyo, na kesho tutaona. Kezia ndiye kiongozi wa wimbo, safu ya juu kabisa, maana sauti yake inavuka mto. Amosi alikuwa chini na wadogo kwa sababu jukwaani watoto wa kubebwa hawaruhusiwi. Sheria yangu mimi.

Ubeti wa tatu nikasikia chini mtu anapiga ukelele. Si "chumvi." Ukelele mwingine.

Nilishuka ngazi sijui vipi. Vumbi jeupe limejaa chumba, wadogo wote weupe nywele na nyusi, wamesimama kimya kama wazee. Kipande cha lipu, upana wa sinia, kimemwangukia Amosi kichwani na begani. Bakuli lake limevunjika. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitoa roho, hakuwa analia.

Mama alikuwa amekaa sakafuni amempakata, anampangusa uso kwa shali, na anasema jina la Baba, tena na tena.

Bwana Crathorne kamchukua mwenyewe kwa gari lake mpaka hospitali. Damu imemlowesha kifua cha shati. Kezia kapanda naye bila kumwomba mtu ruhusa. Jioni karudi peke yake, kwa miguu. Jicho la kushoto la Amosi limefungwa bandeji, bega limevunjika, na daktari kasema tungoje.

Nikamkalisha Kezia karibu na jiko. Nikampa chai. Hakuinywa.

"Uliweka karatasi, Mwalimu. Chini ya ramani. Nilikuona."

Nikasema ndiyo.

"Ikachanika. Hiyo nayo niliiona."

"Mbona hukusema, Kezia?"

Akanitazama kwa mshangao kabisa. "Kwa nani? Nilidhani umeshasema wewe."

Jumanne, 15 Februari

Asubuhi na mapema nikaenda kwa Bwana Crathorne. Hakuwa amelala, shati ni lile lile la jana. Nikamwambia kesho sipandishi mtoto kwenye jukwaa lile. Nikamwambia nakwenda manispaa sasa hivi, kwa miguu yangu.

Hakugomba. Alianza kulia! Mzee mzima, kwenye kiti chake. Akasema mikutano mingapi imekwisha salama, siku moja tu, siku moja, na fedha ya Bibi Harpham ikiingia kitu cha kwanza ni kurudisha nguzo. Atarudisha nguzo kwa jina la mtoto wake mwenyewe. Lakini tukifungwa kesho hakuna nguzo, hakuna supu, hakuna kitu.

Nikasema: miguu ndiyo inayoua. Siku zisizo na gwaride karatasi haichaniki. Wakikaa kimya na kuimba tu, ukuta hautembei.

Basi tukapatana. Hakuna kupiga mguu, hata mara moja. Wadogo hawatakuwa chini, watabaki makwao. Na mimi kwa upande wangu sitamwambia mgeni yeyote neno lolote, si la nguzo, si la ufa, si la Amosi. Nitakaa chini na chai. Ameapa kwa Lidia. Na mimi nikaapa. Kwa nani, sijui. Niliapa tu.

Nikarudi shuleni nikawaita wakubwa mmoja mmoja. Kila mmoja nikamshika mabega. Kesho mnapanda kwa kunyata. Mnaimba mmekaa. Hakuna mguu. Wavulana walinuna, maana wanaishi kwa ajili ya ule mguu.

Kezia wa mwisho. "Na yule bibi akisema anataka?"

"Hata akitaka."

"Bwana Crathorne je, akisema?"

"Hata yeye."

"Malkia?"

"Hata Malkia, Kezia."

"Sawa," akasema. "Atakayepiga mguu nitamng'oa masikio." Na atafanya kweli.

Mchana mama yao kaja, kutoka hospitali kwenda gatini. Mikono imepasuka kwa chumvi, vidole kavisokota matambara. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane. Kaniuliza kama kesho Kezia atapata andazi la zabibu kama mwaka jana, kwa sababu usiku yeye hatakuwa nyumbani. Nikamwambia atapata mawili. Akasema asante, Bi Ellerker. Amosi bado hajaamka.

Jumatano, 16 Februari

Asubuhi. Mvua. Magari ya farasi hayajaanza kuja. Nimebandika ukanda mpya.

Baadaye. Niko chini. Naandika kwa penseli kwenye meza ya mikate, masinia ya maandazi mbele yangu, mitungi miwili ya chai inachemka. Nimejaribu kumtoa Mama akakae kwa jirani. Hataki. "Kwenye baridi hii? Unanitafutia kifo?" Kajifunga shali karibu na jiko, ananiwekea vikombe kwenye visahani kwa kupapasa.

Wageni wamepita hapa kwenda juu. Wengi kweli. Mabwana na buti zao, mabibi na magauni yao, chumba kikanuka farasi na marashi. Bibi Harpham kanishika mkono. Mwanamke mnene, mchangamfu, na macho ya kucheka. "Ndiwe uliyeandika historia? Nimeisoma nikapenda mno. Jengo lenye roho!" Nikafungua mdomo. Bwana Crathorne alikuwa nyuma yake. Nikafunga. Nikasema karibu sana, Bibi.

Kezia alipita wa mwisho, nywele kazichana kwa maji, miguu mitupu. Kaninong'oneza: Amosi kaamka alfajiri. Kaomba mkate! Nilimbusu kichwani pale pale mbele ya watu.

Wanapanda. Nasikia. Yaani sisikii! Watoto themanini na hakuna kishindo. Mbao zinalia kidogo, basi. Wamenyata kama paka.

Wameanza kuimba.

Mwisho wa mstari wa kwanza nilifumba macho. Hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Nimesimama chini ya boriti nimeinua taa, ukanda mzima. Kezia anaongoza, sauti yake ile. Kuna mgeni mmoja mwanamume anasema kwa sauti, wapigeni miguu basi, si ndivyo mnavyofanya? Kicheko. Kimya. Wimbo unaendelea. Hakuna aliyepiga! Hakuna hata mmoja! Mungu awabariki wanangu wote, na matope yao.

Wimbo umekwisha. Ukanda mzima. Nimekaa. Mama anasema chai itaungua. Nimemwambia chai haiungui, Mama, tumecheka wote wawili.

Sasa Bibi Harpham anasoma. Sauti nzuri, inapenya sakafu. Ni maneno yangu. Ajabu kuyasikia yanatoka juu. Greenland, meli, mafuta yaliyowasha taa za mji mzima. Mama kainua kichwa anasikiliza. "Jengo hili imara," anasoma, "ambalo jana lilihifadhi mafuta, na leo linahifadhi roho." Hilo la roho si langu. Kaliongeza Bwana Crathorne.

Kamaliza.

Kishindo! Nini—

Nimeruka mpaka kwenye ngazi. Safu ya juu kabisa naiona kutoka hapa. Kezia kasimama, kanyosha mikono kuwazuia wenzake, na wenzake wamekaa kimya kabisa, miguu wameinua juu hewani. Si wao.

Wageni. Wanashangilia. Wanashangilia historia yangu! Buti na bakora na miavuli, wote pamoja, sakafu nzima, kama wanavyofanya kila mwaka. Kila mwaka, na mimi nikiwa katikati yao nikipiga buti langu kwa furaha, na haikunijia, wala mimi wala Bwana Crathorne, kwamba ile nayo ni miguu.

Nimepiga kelele kutoka ngazini. Nani atasikia?

Nimerudi kumchukua Mama. Ukanda umekatika. Unga unadondoka kwenye ukurasa huu, kwenye maandazi, kwenye shali lake, si unga tena. Nimemvuta, ameshika meza, anauliza kuna nini.

Watoto niliwaambia wote, mmoja mmoja, nimewashika mabega. Wageni hakuna aliyewaambia.

Wametulia. Nasikia Bibi Harpham anacheka, anasema asanteni, asanteni. Mama yuko mlangoni. Boriti inalia. Napanda kuwatoa watoto, ku